Badria Kafunga Mwezi Mzima

Gerezani, Dar es Salaam
9 Januari 2024

Shoga yangu Anjana,

Mambo? Huku poa. Usishangae kupata barua pepe ndefu badala ya sauti ya WhatsApp. Ile ya mwisho uliyonitumia niliifungua dukani nikidhani ni salamu, kumbe unanieleza habari za panya wako na ovari zao. Kulikuwa na fundi cherehani amekuja kununua zipu, akaganda na zipu mkononi mpaka ukamaliza kuongea. Tangu siku hiyo kila akija anamuuliza msaidizi wangu Stella, "Wale panya wa India wanaendeleaje?" Kwa hiyo mambo yetu tuyaandike tu.

Duka linaenda vizuri. Shule zimefunguliwa, mafundi wanagombania vifungo vyeupe vya mashati. Khalfani alikuja Mwaka Mpya, tukakaa wiki nzima kama maharusi, sasa amerudi Tunduma. Ofisi yao ya forodha imemng'ang'ania mpakani na malori ya Zambia. Baba yako mzima, ananiletea gazeti kila asubuhi akishalimaliza.

Nina swali, ila si langu. Ni la rafiki yangu mmoja hapa mtaani, humjui. Kila mwezi anatokwa damu nyingi kupita kiasi, na maumivu ya kumkunja. Amepiga picha, ameambiwa ana uvimbe kwenye kizazi, zile fibroidi, mmoja una ukubwa wa chungwa. Daktari aliyemwona alisema dawa yake ni kutoa kizazi chote, kisha akaita mgonjwa mwingine aingie. Rafiki yangu huyo hajazaa bado. Anauliza, wewe unayesomea homoni, hakuna njia nyingine?

Mimi sina neno. Uchovu wa biashara tu.

Wako,
Badria


Pune, India
10 Januari 2024

Badria,

Mpe pole huyo rafiki yako nisiyemjua. Halafu mwambie kwamba juzi baba alinipigia simu. Akanieleza kuwa mwenye duka la vifaa vya ushonaji alianguka juu ya maboksi ya zipu, midomo imekuwa myeupe kama chaki, na kwamba yeye mwenyewe, Mansukhlal na mgongo wake mbovu, alisaidiana na Stella kumlaza kwenye mkeka na kumpepea kwa kipande cha boksi. Wewe ulimwomba asiniambie. Alijitahidi, maskini, lakini ilimshinda. Kwa hiyo sasa tuongee mimi na wewe, rafiki yako akae pembeni.

Mimi si daktari wa watu, nakukumbusha. Ni mtu wa maabara. Lakini swali lako ndilo ninaloshinda nalo kutwa, kwa hiyo nitakujibu kadiri ninavyojua.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Kila baada ya muda ubongo unaipelekea homoni fulani. Ikifika, inakaa kwenye kipokezi chake, na hapo kazi inaanza: tezi inaziamsha ovari, ovari zinatoa homoni zao, na hizo homoni za ovari ndizo chakula cha fibroidi. Sasa fikiria lile benchi la mbele ya duka lako. Akija mtu akalikalia kutwa nzima anabishana habari za mpira na hanunui hata sindano, mteja wa kweli akifika hana pa kukaa, anapitiliza. Dawa ninayoichunguza inafanya hivyo hivyo. Inakikalia kipokezi. Homoni inakuja, inakuta pameshakaliwa, inarudi. Ovari zinapumzika, damu inakauka, uvimbe unakosa chakula unasinyaa.

Na haifungi kizazi, kama ninavyojua utaanza kufikiri. Ukiiacha dawa, benchi linabaki wazi. Panya wangu niliowaachisha mzunguko wao ulirudi wenyewe, na mmoja akazaa watoto wengi hata nikaona aibu kwa usumbufu niliompa.

Kwa wanawake vidonge vya aina hii vipo tayari. Wengine hupewa kabla ya upasuaji, uvimbe upungue, mpasuaji autoe na kizazi kibaki. Havimfai kila mtu. Kuna uvimbe hausikii. Ndiyo maana nakuomba vitu viwili: usinunue kidonge chochote kwa mtu wa mtaani hata akikuapia kwa jina la mama yake, na nenda kwa daktari mwingine, mwenye muda wa kukaa na kukusikiliza.

Na ule maini. Na nyama, na mchicha.

Anjana


Gerezani
2 Februari 2024

Shoga,

Basi. Rafiki yangu amekufa, nimebaki mimi.

Nimempata daktari. Anaitwa Leticia, mwanamke wa makamo, anaongea polepole kama mtu anayepima kitambaa. Aliniuliza damu inatoka kiasi gani, nikajibu ya kawaida. Akaniuliza, "Kawaida ya nani?" Anjana, nililia pale ofisini kwake mpaka nikatia aibu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimweleza yote. Kwamba nalalia taulo. Kwamba dukani nina kiti changu kimoja ambacho hakikaliwi na mwingine. Kwamba siku zikifika simwambii mtu, nasema naenda kufuata mzigo bandarini, kumbe nimejifungia ndani nimejikunja kama jongoo.

Hospitali yao ina utafiti, wanawafuatilia wanawake wanaotumia hizo dawa za kukalia benchi kabla ya upasuaji. Walinipima damu, ikaonekana imepungua sana, wakanipa na vidonge vya kuongeza damu. Wakanipima mimba pia, hakuna. Akanionya, "Ukiwa kwenye dawa hizi hutakiwi kushika mimba." Nikamwambia mume wangu yuko Tunduma, na hakuna uzazi wa mpango ulio imara kuliko barabara ile. Akacheka. Kisha akaacha kucheka akasema, "Akija mlete tuzungumze naye." Nikasema sawa. Sikusema lini.

Nameza kidonge kila siku. Baada ya miezi sita watapiga picha tena. Uvimbe ukiwa umepungua, wataukata kizazi kibaki. Usipopungua, tutaongea lugha nyingine. Hilo sitaki kulifikiria leo.

Sasa niapie. Khalfani hajui, na usimwambie. Si mtu mbaya, unamjua, lakini hawezi kumficha mama yake kitu. Na mama mkwe wangu Bi Somoe akisikia "dawa ya kuzuia homoni" masikio yake yatasikia "dawa ya kufunga kizazi". Miaka minne ya ndoa ananiangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso. Niache nipone kwanza, nitamwambia nikiwa nimesimama.

Badria


Pune
3 Februari 2024

Badria mpenzi,

Nimeapa. Sipendi, lakini nimeapa. Khalfani anastahili kujua, na daktari wako amekuambia vilevile kwa adabu zaidi yangu.

Jiandae na joto. Homoni za ovari zikishuka, mwili unaweza kuwaka ghafla kama mtu amekufungulia tanuri usoni. Wanakupa kidonge chenye homoni kidogo ndani yake kulinda mifupa na kupunguza hilo joto, lakini wengine bado wanalisikia. Kichwa kikiuma sana au ukiona jambo usilolielewa, mpigie Daktari Leticia, usiniandikie mimi.

Ila ukiona zuri, mimi ndiye wa kwanza kuandikiwa.

Anjana


Gerezani
26 Machi 2024

Anjana,

Zuri hilo hapa. Damu imekauka. Mwezi wa pili ilikuja kidogo, mwezi huu haikuja kabisa. Jana nilipanda ngazi mpaka kwenye stoo na majora mawili ya lesi begani, nilipofika juu ndipo nikakumbuka kwamba zamani nilikuwa napumzika katikati. Stella ananiambia nimekuwa na rangi. Sikujua kama nilikuwa sina.

Na Ramadhani hii nafunga kila siku bila kukatiza. Unakumbuka nilivyokuwa kila mwaka, nakula siku zangu zile halafu nazilipa peke yangu hadi karibu na Ramadhani nyingine. Mwaka huu naamka kula daku, nameza kidonge changu, nafunga, nasali tarawehe na wenzangu. Joto kweli lipo. Linakuja kama wimbi, najipepea kwa chochote, juzi nilijipepea kwa kadi ya vifungo mbele ya mteja vikamwagika vyote.

Bi Somoe yupo hapa. Amekuja kutoka Newala kufunga na mimi, na gunia la korosho. Nilikuwa namwogopa nikidhani ni ile habari ya tumbo, lakini Anjana, huyu mama amebadilika, sijui ni baraka za mwezi. Hataki niinue ndoo. Akiniona najipepea anatabasamu, ananisogezea feni. Juzi nilikataa samaki kwa sababu hakuwa mzuri, akasema, "Usijilazimishe mwanangu, najua," na macho yakamlengalenga. Futari ananipikia uji wa karanga peke yangu, ananisimamia mpaka niumalize. Kila asubuhi ananiuliza, "Leo pia umefunga?" Nikisema ndiyo, ananishika mkono, anasoma kitu moyoni mwake, sijui dua gani.

Miaka minne nilimdhania vibaya. Nimejisikia vibaya hata kumficha.

Mvua imeanza kwa fujo. Jangwani pameshajaa maji mara moja, mabasi ya mwendokasi yakasimama, mafundi wa Magomeni wakashindwa kuja. Lakini mimi mzima kama kigori.

Badria


Tunduma
28 Machi 2024

Shemeji Anjana,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na foleni ya malori. Samahani nimechukua anwani yako kwenye simu ya Badria nilipokuwa nyumbani mwezi wa kwanza, nilikuwa nataka kukuagiza kitu, lakini sasa nakuandikia kwa jambo kubwa zaidi.

Mama amenipigia simu. Badria ni mjamzito. Mama hakuambiwa na mtu, amejionea mwenyewe: anafunga Ramadhani tangu siku ya kwanza bila kuacha, anawaka joto, anachagua samaki, na uso wake unang'aa. Mama anasema amezalisha wanawake wengi kijijini na hajawahi kukosea. Hesabu zinakubali pia, nilikuwepo Mwaka Mpya.

Badria hajaniambia. Kwanza niliumia kidogo. Baadaye nikaelewa, anataka kuniambia uso kwa uso siku ya Idi. Ndivyo alivyo, anapenda kumwona mtu anavyopokea habari. Kwa hiyo najifanya sijui. Tukiongea kwa simu nauma ulimi.

Lakini nimeshindwa kukaa bure. Kuna fundi hapa anatengeneza vitanda vya watoto vya mninga, nimemwagiza kimoja chenye vizuizi pembeni, na dereva wetu mmoja anayeshuka Dar atanibeba mimi na kitanda. Naomba uniambie wewe msomi, mwanamke wa miezi mitatu aletewe nini? Maparachichi huku ni mazuri sana. Yanafaa?

Tafadhali usimwambie Badria kama najua.

Shemeji yako,
Khalfani


Pune
28 Machi 2024

Badria,

Nijibu swali hili bila kuniuliza kwa nini. Khalfani amekuja Dar tangu ulipoanza dawa?

Anjana


Gerezani
29 Machi 2024

Hajaja. Na hospitali wananipima kila nikienda kuchukua vidonge. Tunduma ni mbali, shoga, hata homoni hazifiki. Kwani panya wamefanya nini tena?

B.


Pune
29 Machi 2024

Shemeji Khalfani,

Asante kwa barua. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Kuhusu mkeo siwezi kukuambia kitu, kwa sababu habari ya mwili wake ni yake. Naweza kukuomba jambo moja tu. Usisubiri Idi. Mpigie simu leo, umuulize anaendeleaje, halafu unyamaze usikilize. Na kitanda, kama fundi hajaanza, mwambie asianze.

Maparachichi yanafaa. Peleka mengi.

Anjana


Pune
29 Machi 2024

Badria,

Mwambie mumeo. Leo, kabla hujafuturu. Siwezi kukueleza sababu, nimeshikwa huku na huku. Nakuomba kwa urafiki wetu wa tangu tunacheza rede kwenye ngazi za jengo letu la hapo Gerezani.

Anjana


Gerezani
14 Aprili 2024

Anjana,

Ningekusikiliza. Nilisema nitamwambia akija, maana kwenye simu nilikuwa nasikia malori tu na yeye akicheka kila neno ninalosema. Alipiga mara mbili akaniuliza naendeleaje, nikasema mzima kabisa, na kweli nilikuwa mzima. Kumbe mimi namficha ugonjwa na yeye ananificha furaha, na wewe katikati umezibeba zote mbili. Nilitaka kukukasirikia, nikakosa pa kuanzia.

Siku ya mwisho ya mfungo mvua haikukatika tangu asubuhi. Jangwani palifungwa. Lori lao lilimshusha Khalfani Ubungo, akazunguka na guta la kubeba mizigo kwa njia ya Buguruni, amelowa mpaka kofia. Mimi nipo juu nakaanga sambusa, nasikia vigelegele kwenye roshani. Bi Somoe huyo. Nachungulia chini, naona guta, naona kitu kimefungwa turubai, naona Khalfani amesimama pembeni yake anacheka na mvua, na nusu ya mtaa wamejibanza vibarazani wanamwangalia. Baba yako ameshatoka na boksi la ladu, vile vitamu vyenu vya sherehe.

Turubai likafunguliwa. Nilidhani ni mzigo wa mteja.

"Cha nani hicho?" nikamuuliza kutoka juu.

"Cha wetu," akasema.

Unajua mtu anavyojisikia akikanyaga ngazi ambayo haipo? Nilishuka, nikamshika mkono, nikampandisha ndani. Bi Somoe akatufuata anapangusa machozi kwa upande wa khanga. Nikafunga mlango.

"Khalfani, sina mimba."

"Mama amesema..."

"Mama kaona ninavyofunga. Sina mimba. Nina uvimbe kwenye kizazi. Natumia dawa inayozuia siku zangu, ndiyo maana sikatizi kufunga. Ndiyo maana nawaka joto."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, maji yanamdondoka sakafuni. Nilijua atauliza habari ya mtoto. Nilikuwa nimeshaandaa majibu yote ya mtoto. Akauliza, "Unaumwa tangu lini?"

"Dawa nimeanza Januari."

"Nimeuliza kuumwa."

Nikamwambia. Tangu mwaka tuliooana. Akavua kofia akaikamua polepole kama hiyo ndiyo kazi iliyomleta. "Miaka minne," akasema, "najua mke wangu anapenda kulala. Nawaambia watu, Badria anapenda sana usingizi." Akajifuta uso kwa ile kofia iliyolowa. Sijawahi kumwona hivyo. Nikakaa naye nikalowa na mimi.

Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema neno nililokuwa naliogopa tangu Februari, kwa sauti ndogo: "Umefunga kizazi."

Nikamweleza. Sikuwa na maneno mengine, nikachukua yako, nikamweleza habari ya benchi. Nikamwambia mama, hakijafungwa, kimepumzishwa. Anayelikalia benchi ataondoka, na wakiutoa uvimbe nitabaki na kizazi changu. Na kama nisingefanya hivi, daktari wa kwanza alitaka kukitoa chote. Adhana ya magharibi ikalia, akafungulia tende moja tu, akaenda kulala. Chini kule baba yako alikuwa bado ameshika ladu zake. Alimtuma Stella aulize kama azirudishe dukani.

Asubuhi ya Idi nilijua atafunga virago. Nikiwa jikoni, akaingia na nguo zake mpya, akavuta kibao cha mbuzi akakalia.

"Hiyo damu," akasema, "inakauka kweli?"

"Imekauka, mama."

"Sofia, mdogo wangu. Yule wa Newala." Akaisawazisha nguo yake mpya magotini. "Huu mwaka wa ngapi hajalala kwenye godoro la mtu. Akienda msibani anakaa nje kwenye mchanga, anasema ndani kuna joto. Tunajua si joto. Tumempeleka kwa waganga mpaka wamekwisha. Mimi mwenyewe nilisema karogwa." Akanishika mkono, kama alivyokuwa akinishika kila asubuhi. "Huyo daktari wako anaona na watu wa Newala?"

Nikamwambia anaona watu wote. Akasema basi ladu zile zisirudishwe, Idi ni Idi, akashuka mwenyewe kuzichukua.

Khalfani amekwenda na mimi kwa Daktari Leticia. Aliuliza maswali mengi kuliko mimi tangu nianze. Kitanda tumempa yule dereva wa lori, mkewe yuko karibu kujifungua. Maparachichi tumekula mpaka tumechoka.

Uvimbe bado hatujui kama unasikia. Naogopa, Anjana. Lakini sasa tunaogopa watatu.

Badria


Pune
15 Aprili 2024

Badria,

Nimeisoma barua yako kwenye korido ya maabara, mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni Idi.

Sina la kukuahidi kuhusu uvimbe. Kwa panya ningekuambia, kwa mtu siwezi. Wengi hupungua. Ninachojua kwa hakika ni kwamba hata usipopungua vya kutosha, utaingia chumba cha upasuaji una damu mwilini na mume mlangoni. Januari hukuwa na kimoja kati ya hivyo.

Nisalimie Bi Somoe, mwambie shikamoo. Mwambie kwa mzalishaji wa kijijini hakukosea sana. Dalili zote alizoziona zilikuwa za kweli.

Anjana


Gerezani, Dar es Salaam
27 Julai 2024

Shemeji Anjana,

Naandika mimi kwa sababu Badria amekatazwa kukaa muda mrefu, na kila akicheka anashika tumbo.

Picha ya mwanzoni mwa mwezi ilionyesha lile chungwa limekuwa ndimu. Daktari Leticia alituonyesha kwenye kioo, mimi sikuona kitu, niliona mawingu, lakini nilimwona yeye anatabasamu. Wakapanga upasuaji.

Siku yenyewe tulikaa korido mimi, mama na baba yako. Mzee Mansukhlal alikuja na thamosi ya chai ya tangawizi akawagawia mpaka wasiotuhusu. Mama hakunywa. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mimi tangu nihamishiwe bandarini mwezi wa sita nimezoea kusubiri meli, nilidhani najua kusubiri. Sijui.

Daktari alipotoka, mama alimfikia kabla yangu.

"Kizazi kipo?"

"Kipo, mama. Tumetoa uvimbe wote tuliouona. Damu hakuhitaji kuongezewa."

Mama akashukuru, akavua ndala zake, akakaa sakafuni pale pale na miguu ameinyoosha, nesi akadhani amezirai. Alikuwa amechoka tu. Nadhani amechoka tangu Idi.

Mama mdogo Sofia naye yuko hapa kwetu. Yeye dawa hazikumsaidia sana, uvimbe ni mwingi na mkubwa, na umri umesogea. Daktari alimweleza yote taratibu, akamwachia achague. Amechagua kutoa kizazi. Alisema ana watoto wakubwa, anachotaka ni godoro. Zamu yake ni mwezi ujao, na anaisubiri kama mtu anayesubiri harusi.

Badria anasema nikuandikie kuwa benchi liko wazi sasa. Amesema utaelewa.

Shemeji yako,
Khalfani


Gerezani
30 Septemba 2024

Anjana shoga yangu,

Nimeruhusiwa kuandika, kubeba na kucheka. Bi Somoe amerudi Newala na mdogo wake Sofia, aliyepasuliwa salama na sasa analala kwenye godoro, na nasikia huko Bi Somoe amekuwa kero. Akimwona mwanamke anakaa nje kwenye mchanga anamfuata, anamwuliza maswali ambayo mimi nilitolewa machozi nayo. Wawili ameshawapandisha basi kuja kwa Daktari Leticia. Mmoja alikuwa hana uvimbe wowote, alikuwa anapenda tu kupunga upepo.

Daktari anasema tupumzike mpaka mwakani ndipo tujaribu mtoto, kidonda cha ndani kipone vizuri. Khalfani amekubali kwa adabu kubwa. Hatujui itakuwaje, na safari hii tunajua pamoja kwamba hatujui.

Sasa nikupe ya Jumamosi. Stella ameolewa, amempata Goodluck, dereva wa mwendokasi mwenye meno mazuri. Mchana walifunga kanisani, jioni tukawa ukumbini. Kamati ilichagua sare rangi ya krimu. Unajua mimi na sare. Miaka yote hii nashonewa nyeupe, nashonewa ya pinki, siku ikifika naipeleka kwa mwingine navaa gauni langu jeusi, nasema nimenenepa, nasema fundi ameniharibia. Harusi ya binamu yangu nilisimama ukutani mwanzo hadi mwisho. Watu wakasema Badria anaringa.

Safari hii niliivaa. Krimu tupu, kuanzia shingoni mpaka kwenye viatu. Wakanipangia meza ya mbele, na ukumbi wenyewe una yale makochi meupe ya kujionyesha. Nikakaa. Nikala pilau nimekaa, nikapiga makofi nimekaa, nikainuka kucheza, nikarudi nikakaa tena. Khalfani alikuwa ng'ambo ya meza, ananiangalia tu. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Leo hujageuka nyuma hata mara moja kuangalia ulipokaa." Sikujua kama alikuwa anajua kwamba nageuka.

Na Anjana, Jumamosi ile nilikuwa kwenye siku zangu.

Wako,
Badria